Upepo Ulioshitakiwa Bwawani

Paliondokea nchi baina ya Bukoba na Muleba, iliyotawaliwa na wanyama na ndege, ambayo mashariki yake kulikuwa na maji mpaka jicho lichoke, na magharibi yake kulikuwa na magenge ya mawe yaliyojipanga sambamba na ufuko, moja nyuma ya jingine, hadi Karagwe. Njaa haikuijua nchi hiyo. Migomba ilivifunika vijiji, mibuni ikajistiri chini ya migomba, na mvua, ambayo kwingine huombewa dua na kuchinjiwa kafara, pale ilikuja bila kualikwa, ikamwaga milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka katika vilima vilivyo karibu na ziwa. Lakini wenye nchi walikuwa na aibu moja ambayo hawakupenda itajwe mbele ya wageni: taa zao ziliwaka kwa umeme wa jirani. Waya ulitoka Masaka, ukavuka mpaka, ukapumzika Kyaka, ndipo ukagawanywa mabandani; siku jirani alipougua, ufalme mzima ulilala gizani, na siku alipopona alituma hesabu kwanza, salamu zikafuata.

Mfalme wa nchi hiyo alikuwa Kiboko, mnene wa mwili na mzito wa neno, aliyezaliwa katika bwawa moja lililojificha chini ya genge, na ambaye hata baada ya kutawazwa hakuona sababu ya kuhama. Usiku mmoja, katikati ya karamu, umeme wa jirani ulikatika, mtungi wa lubisi, ile pombe ya ndizi, ukapinduka, na mgeni mmoja wa heshima akamkalia mgeni mwenzake wa heshima kubwa zaidi. Kiboko akanguruma gizani: “Jua linalochomoza ziwani ni la nani? Upepo unaopita juu ya mapaa yetu ni wa nani? Tutafua umeme wetu wenyewe.” Kasuku, msemaji wa ikulu, akalirudia neno hilo hadi alfajiri, na kulipopambazuka likawa sera.

Ikaundwa Kamati ya Mahali, yenye kazi moja tu, nayo ni kutafuta pa kusimika mitambo ya upepo na pa kutandaza paneli za jua. Fisi aliteuliwa kwa sababu ndiye angejenga, na si vyema mjenzi akashangazwa na kiwanja. Tumbili aliteuliwa kuwa mtaalamu, kwa kuwa alipanda miti mirefu kuliko wajumbe wenzake na alikuwa na kalamu. Nyati aliteuliwa ili wengine wanyamaze. Ndege wa ziwani, ambao huamka na upepo na kulala nao, hawakuteuliwa, kwa hofu kwamba wana maslahi katika jambo hilo.

Kabla ya kuondoka, Kamati ilikabidhiwa masharti. Mahali pawe kando ya barabara, wageni wasije wakachafua kwato. Paonekane kutoka ikulu, mfalme asilazimike kutoka majini ili kuona maendeleo. Pawe na kivuli kizuri cha kukalia viongozi siku ya uzinduzi. Pasiwe mbali na mahali ambapo Fisi alikwisha kumwaga mawe ya msingi. Na mwisho, endapo masharti hayo yote yametimia na nafasi ingali ipo, pawe na jua au upepo.

Kamati ikaenda moja kwa moja bwawani. Tumbili alichomeka kijiti chenye urefu wa kimo chake, akafunga juu yake utepe wa jani kavu la mgomba, akajilaza chini ya mti kungoja sayansi. Kama ilivyo desturi ya ufuko ule, kabla ya mapambazuko mawingu yalijikusanya ziwani, radi zikapasuka, na dhoruba ikaja mbio. Ikaung’oa utepe, ikaung’oa na kijiti, ikavipeleka ng’ambo ya kilima cha pili. Robo saa baadaye kulitulia, matone yakawa yanadondoka polepole kutoka kwenye majani, na hata unyoya haukutikisika siku nzima. Tumbili alikuwa amekwisha andika: “Upepo: umepita kipimo.” Akaizidisha robo saa hiyo kwa siku 365 na kupata jumla iliyomfurahisha kila mtu. Ama kuhusu jua, alisubiri Julai, mwezi ambao hata Bukoba mbingu huona haya ikajifunua; akaweka bakuli la maji juu ya jiwe adhuhuri, akatia kidole, akaandika: “Jua: la kutosha.” Aprili hakwenda, kwa sababu kulikuwa na mvua.

Habari zikavuka maji hadi kisiwa cha Bumbire, kwa Mnandi, ndege mweusi mvuvi. Huyu si kama bata; akizama kufuata samaki, manyoya yake hulowa chepechepe, na asipopanda mwambani akayatandaza mabawa yake mawili mpaka yakauke, hawezi kuruka vizuri. Mwenye riziki ya namna hiyo hajifunzi jua na upepo kwa kalamu. Akaja barazani, akainama kumwamkia mfalme: “Kaboneka, waitu.” Kisha akasema, “Upepo wa kwetu una zamu. Usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, na kati ya zamu hizo hupumzika. Bwawani kwenu una genge kisogoni na miti usoni. Ukifika pale umekwisha choka. Nami husikia mnasema ukiwa nusu utatosha nusu. Sivyo. Kasi ikipungua nusu, nguvu hubaki sehemu moja ya nane. Simamisheni mlingoti mrefu kama mtambo wenyewe, muuache mwaka mzima, upime masika na kiangazi, usiku na mchana, ndipo mkate shauri. Mimi nikikaa bwawani, mabawa hayakauki mpaka jioni. Juu ya mwamba wa Bumbire hukauka kabla sijatamani samaki wa pili.”

Fisi akamwuliza, “Na huko Bumbire barabara ipo?”

“Haipo. Na sitawaficha, kuuleta umeme huku kutoka kisiwani kutataka waya wa kupita chini ya maji, nao una gharama yake. Sisemi jengeni kwangu. Nasema pimeni kwanza, kila mahali, kisha mlinganishe.”

“Weka kwa maandishi,” akasema Nyati, akijua wazi kwamba mnandi hana kalamu.

Mjumbe mmoja, kwa kuogopa kuonekana amelala, akaitaja rweya, yaani ule uwanda wa nyasi ulio juu ya magenge, nje ya vibanja vya migomba, ambako mbingu ni pana na hakuna mgomba wa kutia kivuli. “Pale ni patupu,” akasema. Hapo akainuka Kwale, mwenyeji wa nyasi, akitetemeka kwa kutokuzoea baraza. “Waitu, rweya haijawa tupu hata siku moja. Nyasi zinazotandikwa majumbani na kufunika udongo chini ya migomba yenu hukatwa kule. Ng’ombe wanaowapa samadi hula kule. Senene wakishuka, watoto wenu hupanda kule na vikapu alfajiri. Lakini kama tungeulizwa, tungewaonyesha upande wa mawe, ambako hata nyasi zimekata tamaa, na paneli zikiinuliwa kidogo mbuzi angepita chini yake akala, na mkataji nyasi asinyimwe njia.” Baraza likanyamaza kidogo, maana maneno yalikuwa na uzito. Kisha Fisi akauliza kama Kwale anayo hati ya rweya. Hakuwa nayo; tangu enzi za bibi zake rweya ilikuwa ya wote. Tumbili akaandika: “Rweya haina mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa, na kwa kuwa hakuna wa kuulizwa, haifai.”

Fuko naye alitoa kichwa ardhini, akasema machache. Alisema udongo wa bwawa ni tope hadi kina asichokifikia yeye, na nguzo nzito juu yake itainama. Akawakumbusha tarehe 10 Septemba 2016, Bukoba ilipotetemeshwa na tetemeko la kipimo cha 5.9, nyumba zikaanguka juu ya wenyewe, na kwamba katika nchi ya namna hiyo msingi ndio swali la kwanza. Alishukuriwa kwa mchango wake, akaombwa arudi chini.

Mwezi wa Novemba, senene walipokuwa wakianguka, akatua Korongo mweupe akitoka kaskazini, na kwa kuwa ufalme ule ulimsikiliza mgeni kuliko mwenyeji, akaletewa kiti na ndizi za kuchoma. Wakamwuliza alivyoona mambo ya binadamu huko alikopita, naye akawasimulia bila kuongeza chumvi.

“Nimeruka juu ya Marsabit,” alisema, “karibu na Ziwa Turkana, ambako upepo hupita kati ya milima ya Kulal na Nyiru kila siku ya Mungu, na hapo binadamu wamesimika mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mahali palichaguliwa vyema kwa upepo, lakini upepo si kila kitu. Mitambo ilikamilika 2017, na njia ya kuufikisha umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwashwa mpaka Septemba 2018. Muda wote huo upepo ulipita bure, na faini ya ucheleweshaji ikawafuata wananchi kwenye bili zao. Kisha Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikazibatilisha hati za ardhi ile, ekari 150,000, kwa kuwa sheria ya kuitwaa ardhi ya jamii haikufuatwa. Nimepita Kinangop, ambako mradi wa megawati 60 ulifutwa 2016 kabla haujafua hata cheche, kwa sababu wakulima walikataa kugeuzwa watazamaji katika mashamba yao wenyewe. Nimepita Kajiado, huko Kipeto, ambako kuna watu kazi yao ni kuitazama mbingu, na tai akikaribia mtambo husimamishwa mpaka apite; nami kwa hilo nawaombea heri. Wenzangu wa kusini wameniambia habari za Mufindi, ambako mitambo mitatu tu, megawati 2.4 kwa jumla, ilianza kazi 2020, ikaungwa katika nyaya ambazo vijiji vilikwisha kuwa nazo kutokana na maporomoko ya Mwenga. Na Kishapu, Shinyanga, ambako mvua ni bahili, ndiko walikochagua kutandaza paneli za megawati 150, wakianza na 50, maana mbingu isiyo na mawingu ni hazina hata kama shamba linalia.”

Akamalizia kwa jambo moja zaidi, kwamba mtambo wa upepo haupendi dhoruba; kimbunga kikizidi, hukunja mikono na kusubiri kipite, kwa hiyo asijisifu mtu kwa upepo wa robo saa wenye radi ndani yake.

Baraza lilisikiliza kwa adabu kubwa, na baada ya mgeni kuondoka likaketi kuchambua mafunzo. Tumbili aliyaandika kwa mwandiko mzuri. Kutokana na Marsabit, Baraza limejifunza kwamba mitambo inaweza kusimama mwaka mzima bila kazi na bado ikaitwa mradi. Kutokana na Kinangop, kwamba wenyeji wasiambiwe kitu kabla nguzo hazijachimbiwa. Kutokana na Mufindi, kwamba mitambo mitatu ni michache mno kuzinduliwa na mfalme. Kutokana na Kajiado, kwamba ndege wana gharama, na kwa kuwa fungu la watazamaji halipo, ndege wasiruke. Ama habari ya Kishapu, Kiboko aliikataa isiandikwe, akisema haingii akilini mwa kiumbe wa majini kwamba ukame waweza kuwa sifa ya mahali.

Ujenzi ukaanza bwawani. Mitambo sita ilisimama kwenye tope, mirefu kiasi cha kupitwa na miti iliyoizunguka, na miti hiyo haikuweza kukatwa kwa sababu ndiyo iliyokuwa kivuli cha uzinduzi. Paneli zilitandazwa katikati ya migomba ya ikulu. Nyuki mmoja, aliyekuwa akipita kwenda kwenye maua ya mbuni, aliona jani moja la mgomba limelala juu ya paneli moja, na akamweleza fundi kwamba kivuli hicho kimoja huzikwaza na nyingine zote zilizofungwa pamoja nayo kwenye mnyororo mmoja. Fundi akamjibu kwamba mgomba ni wa mfalme. Kisha wakaja wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka majini kwa makundi ambayo mgeni huyadhania moshi, wakatua juu ya vioo usiku kucha, wakafa humo, na asubuhi paneli zikawa zimevaa ukoko wa kijivu ambao hapana aliyekuwa ametengewa maji ya kuuosha, ingawa bwawa lilikuwa hatua tatu kutoka pale.

Siku ya uzinduzi ikawadia. Ngoma zilipigwa, viongozi wakakaa kivulini, na Kiboko akakata utepe wa ufumwale. Mitambo haikujongea. Palikuwa na utulivu wa alasiri, nyasi zimesimama wima, na hata moshi wa majiko ulipanda mbinguni umenyooka. Lakini Fisi, ambaye hakuwa mgeni wa uzinduzi, alikuwa amewaficha nyani ndani ya nguzo pamoja na kamba. Alipokohoa mara mbili, nyani wakavuta, mabawa yakazunguka, umati ukashangilia, na Kasuku akatangaza kwamba upepo umeitikia wito wa taifa. Jioni taa zote za ikulu ziliwaka. Watu walicheza mpaka usiku mkubwa. Popo peke yake, ambaye hulala akining’inia kwenye nyaya na hujua kila waya unatetemeka kutoka upande gani, alibaki kimya, akigeuza masikio yake kuelekea Kyaka.

Saa sita za usiku jirani akaugua. Masaka kukawa giza, Kyaka kukawa giza, na katika nukta hiyohiyo taa mpya za bwawani nazo zikazimika zote kwa pamoja. Ngoma ikasita. Katika giza lile sauti ya Kasuku ikasikika, haina hata chembe ya wasiwasi: “Wananchi, taa zetu zimezimwa kwa muda, kwa heshima ya jirani.”

Miezi ikapita na mitambo ikawa sehemu nzuri ya kukaushia nguo. Manung’uniko yalipozidi, Kiboko aliitisha Baraza ili aliyesababisha hasara ajulikane. Fisi alithibitisha kwamba alijenga alichoambiwa mahali alipoambiwa. Tumbili alionyesha kumbukumbu zake, na kweli jumla ilikuwa sahihi. Nyati hakuulizwa. Baada ya mashauri marefu ikaonekana wazi kwamba kati ya wote waliohusika, ni mmoja tu ambaye hakufika kazini, naye ni Upepo. Hati ya mashitaka ikaandikwa, yenye makosa ya utoro, dharau kwa mfalme na hujuma ya uchumi, na Mnandi akaagizwa aipeleke, kwa kuwa alionekana kufahamiana na mshitakiwa.

“Nitaipeleka,” akasema Mnandi, “lakini anwani yake si hapa. Kama mngetaka kumwona, mngemfuata anapokaa.”

“Serikali haimfuati mtuhumiwa,” akajibu Nyati. “Mtuhumiwa huifuata serikali.”

Siku ya hukumu Upepo haukutokea, wakauhukumu usipokuwapo: faini, na ulipe gharama zote za mradi. Alfajiri ya pili ikaja ile dhoruba ya ziwani, kama inavyokuja siku zote, na radi zake. Mitambo ikakunja mikono kama Korongo alivyosema. Tope likalegea kama Fuko alivyosema. Nguzo mbili zikainama polepole mpaka zikaegemea migomba ya mfalme. Asubuhi Kasuku alipanda juu ya nguzo mojawapo iliyolala, akatangaza kwamba mshitakiwa amejisalimisha mwenyewe kwa hiari, ametambua mamlaka ya Baraza, na kwamba mazungumzo yanaendelea vizuri.

Wiki hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Mahali ya Pili. Fisi aliteuliwa kwa uzoefu wake na Tumbili kwa takwimu zake. Safari hii Baraza lilisikia kilio cha ndege likaridhia washirikishwe, na Mnandi akapokea barua ya kumwalika aimbe siku ya uzinduzi. Kule Bumbire, wavuvi wa dagaa walikuwa wamekwisha kuweka paneli chache juu ya mapaa yao, mahali alipowaonyesha yeye, ambapo hakuna jani linalofika. Nao wakawa wanawasha taa za mitumbwini usiku usio na mwezi. Barua ya pili ikaagiza paneli hizo zisajiliwe, kisha zihamishiwe bwawani, zikae karibu na jicho la utaalamu.

Mwisho wa mwezi jirani alipona, akatuma hesabu, na humo ndani, kwenye mstari wa peke yake, kulikuwa na umeme wote wa usiku wa uzinduzi. Kiboko aliusoma mstari huo mara mbili, akauliza nani atalipa. Fisi akashauri deni liongezwe kwenye faini ya Upepo. Likaandikwa hivyo, na kwa kuwa Upepo hauna makazi rasmi wala mali ya kukamatwa, wenye vibanja na wakata nyasi wa rweya wakatakiwa walilipe kwa niaba yake, kwa sababu wao, kwa ushahidi wa Kwale na wa Mnandi, ndio waliokiri mbele ya Baraza kwamba wanamfahamu.